Macho ya Kurusha Ndege

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tano. Mzee Bundala na mwanawe Leonidas walikuwa wanachuma pamba shambani kwao Nkololo, wilaya ya Bariadi. Mama Eufrasia alikuwa amewaletea michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na chai ya maziwa, kisha akarudi nyumbani kuangalia ndama.

Ndege ndogo ilipita juu yao. Ndege za namna hiyo hupita mara kwa mara zikipeleka watalii Serengeti.

"Ile pale," alisema Bundala akinyoosha kidole. "Ina mstari mwekundu ubavuni. Unaiona?"

Leonidas aliinua uso. "Ninaiona, baba."

"Iko wapi?"

Leonidas alinyoosha kidole upande sauti ilikotoka. Ndege ilikuwa imekwisha kupita upande mwingine kabisa.

Bundala aliweka chini mfuko wake wa pamba. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Tangu lini huoni?" aliuliza.

"Vya karibu ninaviona vizuri, baba. Ni mbali tu. Mbali kunakuwa kama kuna ukungu. Shuleni nilikuwa nakaa dawati la mbele."

Leonidas alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha sita wiki mbili zilizopita. Alisoma fizikia, kemia na hisabati. Tangu akiwa darasa la tano alisema jambo moja tu: atakuwa rubani. Watu wa Nkololo walimcheka mwanzoni. Baadaye waliona anavyofaulu, wakaacha kucheka. Sasa alikuwa ameitwa kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kama wanafunzi wengine waliomaliza kidato cha sita. Zilibaki wiki tatu. Yeye alitumaini kwamba kutoka huko ataomba nafasi jeshini, kisha apelekwe kusomea urubani wa kijeshi.

Jioni ile Bundala alimsimulia jirani yake, Maige. Maige aliwahi kufanya kazi ya ulinzi Mwanza, karibu na uwanja wa ndege. Kwa hiyo watu walimwona kuwa anajua mambo ya ndege.

"Rubani havai miwani," alisema Maige. "Hata siku moja. Wakikupima macho, wakaona unahitaji miwani, wanaandika hufai na jina lako linafutwa. Hakuna kurudia."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Apone kabla hajapimwa."

Mama Eufrasia alisikia maneno yale. Alitoka jikoni akipangusa mikono.

"Twende hospitali Bariadi," alisema. "Kuna nesi wa macho pale. Alimtibu mtoto wa dada yangu."

"Hospitali watampa miwani," alijibu Bundala. "Akipewa miwani, kazi imekwisha. Hukumsikia Maige?"

"Tukaulize kwanza."

"Hakuna cha kuuliza. Nitampeleka kwa mganga. Marehemu baba yangu alipona macho kwake."

Rhoda, mdogo wake Leonidas, alikuwa amekaa mlangoni na daftari lake. Alikuwa kidato cha tatu. Alisikia yote.

Asubuhi yake Bundala na Leonidas walikwenda kwa mganga, kijiji cha jirani. Mganga hakumpima Leonidas. Hakumwuliza haoni mbali au haoni karibu. Alisaga majani makavu, akachanganya na utomvu wa mti, akamlaza chali juu ya mkeka.

"Fumbua macho," alisema.

Akatia jicho la kushoto kwanza. Leonidas alipiga kelele. Alihisi kama kaa la moto limewekwa jichoni. Alijaribu kuinuka, lakini baba yake alimshika mabega.

"Vumilia, ng'wanone," alisema Bundala. "Vumilia, mwanangu."

"Ikichoma ndiyo inafanya kazi," alisema mganga. "Inatoa ukungu."

Jicho la kulia lilipata tone moja tu. Leonidas aligeuza kichwa na dawa nyingi ikamwagika shavuni. Mganga aliwapa dawa nyingine wakatumie nyumbani kwa siku saba. Aliwaonya wasioshe macho kwa maji.

Siku ya pili jicho la kushoto lilivimba likafunga. Siku ya tatu lilitoa usaha. Leonidas hakula. Alilala amegeukia ukutani, akitetemeka.

"Bundala, mtoto anaharibika," alisema mama Eufrasia.

"Mganga alisema siku saba."

Mama Eufrasia alijifunga kitenge, akatoka barabarani, akaita pikipiki. Alimpakia mwanawe katikati, yeye akakaa nyuma akimshikilia. Bundala alisimama uani, akawatazama wakiondoka.

Hospitali walipokelewa na muuguzi wa macho aitwaye Benedikta. Alikuwa mama wa makamo, mpole, lakini alipofungua jicho la Leonidas uso wake ulibadilika.

"Mmeweka nini humu?" aliuliza.

Mama Eufrasia aliinamisha kichwa. "Dawa ya mganga, mayu, mama yangu."

"Lini?"

"Leo siku ya tatu."

Benedikta aliita daktari. Waliosha macho yote mawili kwa maji mengi ya dawa. Kisha Benedikta alieleza taratibu, kwa sababu mama Eufrasia alikuwa analia na hakusikia vizuri mara ya kwanza.

"Mama, mbele ya jicho kuna ngozi nyembamba, angavu kama kioo. Mwanga unapita hapo. Ile dawa imeichoma. Sasa kuna kidonda, na kidonda kimeingia vijidudu. Angeoshwa kwa maji safi mengi saa ileile, akaletwa hapa, tungekuwa na nafasi nzuri. Sasa lazima aende Mwanza, leo hii. Jicho la kulia nina matumaini nalo. La kushoto siwezi kukuahidi kitu."

Leonidas alikaa Mwanza majuma matano. Madaktari walijitahidi. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na kovu jeupe, na halikuona tena isipokuwa tofauti ya mwanga na giza.

Siku ya kwenda JKT ilipita akiwa kitandani.

Aliporudi Nkololo, pamba ilikuwa imekwisha kuchumwa. Wiki hiyohiyo matokeo ya kidato cha sita yalitoka. Leonidas alipata daraja la kwanza. Rhoda alisoma matokeo kwenye simu ya jirani, akaja mbio kuwaambia. Hakuna aliyeshangilia. Mama Eufrasia alisema, "Asante Mungu," akaingia ndani. Bundala alichukua fimbo yake akaenda kwa ng'ombe.

Tangu siku ile ya mganga, Bundala hakulitaja jambo hilo. Alimletea mwanawe maziwa. Alimfanyia kazi zake za shamba. Lakini hakumtazama usoni. Wakati wa kula ugali alikaa upande wa kulia wa Leonidas kila mara, asilione lile jicho jeupe.

Mwezi wa tisa mwalimu wa hisabati alimwita Bundala shuleni. Leonidas ndiye aliyekwenda, maana baba yake alikuwa mnadani.

"Rhoda alikuwa wa tatu darasani," alisema mwalimu. "Sasa ni wa arobaini na moja. Anakaa nyuma kabisa, na hanakili kitu. Nikimwuliza, ananyamaza. Kuna shida nyumbani?"

Leonidas alimngojea mdogo wake nje. Walitembea pamoja kurudi nyumbani. Njiani alisimama.

"Rhoda, soma kile kibao pale."

"Kipi?"

"Kile cha zahanati."

Rhoda alikaza macho. Kisha akaanza kulia.

"Usimwambie baba," alisema. "Nakuomba, kaka. Atanipeleka kule. Mwaka huu nimeomba kukaa nyuma ili walimu wasione kwamba ninakaza macho."

Leonidas sasa alielewa. Mdogo wake alikuwa na ugonjwa uleule wa kutoona mbali. Alikuwa ameuficha miezi yote hiyo, akikubali kufeli, kwa sababu aliona lililompata kaka yake.

"Hakuna atakayekupeleka kule," alisema Leonidas.

Usiku huohuo alimwambia baba yake mbele ya mama yao. Ilikuwa mara ya kwanza kulizungumza.

"Baba, Rhoda haoni mbali, kama mimi nilivyokuwa. Kesho ninampeleka Bariadi, kwa nesi Benedikta. Ukipenda, twende wote. Usipopenda, tutakwenda hivyohivyo."

Mama Eufrasia aliacha kukoroga mboga. Katika nyumba ile hakuna mtoto aliyewahi kusema na Bundala namna hiyo.

"Nitakwenda," alisema Bundala.

Benedikta aliwatambua mara moja.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu Bundala. Kisha akamtazama Leonidas. "Na wewe, mwanangu. Jicho la kulia linaendeleaje?"

"Linaona, sista."

Alimpima Rhoda kwa herufi za ukutani. Alimwekea vioo tofauti, kimoja baada ya kingine, akimwuliza kila mara, "Hiki au kile?" Baada ya muda Rhoda alisoma mstari wa chini kabisa bila kusita. Alisoma mara ya pili, akacheka kidogo, kama mtu asiyejiamini.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Bundala.

"Ni hivyo tu, baba. Si ugonjwa wa kulogwa, na si ukungu wa kutolewa kwa dawa. Umbo la jicho lake ni refu kidogo, basi picha ya mbali haikai mahali pake. Kioo kinairudisha mahali pake. Mara nyingi hali hii hurithiwa ndani ya familia. Avae miwani, apimwe kila mwaka."

"Basi hatakuwa rubani," alisema Bundala polepole. "Naye alikuwa anataka. Anamwiga kaka yake."

Benedikta alishangaa. "Nani alisema?"

"Rubani havai miwani."

Benedikta alimtazama Leonidas, kisha baba yake. Sasa alielewa kwa nini walikwenda kwa mganga.

"Mdogo wangu Stephania ni rubani, naye yuko nyumbani kwangu kwa likizo," alisema. "Si mbali, ni hapa Somanda. Nikitoka kazini nitawapeleka. Afadhali mumsikie mwenyewe."

Stephania alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu. Aliwakaribisha barazani, akawaletea maji ya kunywa. Alivaa gauni la kawaida na kandambili. Alivaa pia miwani yenye fremu nyeusi.

"Huyu ndiye rubani?" Bundala alimwuliza Benedikta kwa sauti ya chini.

"Ndiye mimi, baba," alijibu Stephania. "Narusha ndege ndogo za abiria. Mwanza, Arusha, na viwanja vya Serengeti."

"Na hiyo miwani?"

"Naivaa nikiwa naendesha ndege. Ni sharti. Kwenye cheti changu cha afya wameandika kwamba lazima niivae, na niwe na nyingine ya akiba karibu. Bila hiyo siruhusiwi kuruka."

Wote waliitazama ile miwani.

"Watu wengi hawajui," aliendelea Stephania, akidhani wanangojea maelezo. "Daktari wa anga, yule anayepima marubani, haulizi kama unaona bila miwani tu. Anauliza, ukivaa miwani, je, unaona kwa kiwango kinachotakiwa, kila jicho peke yake na yote mawili pamoja? Pia anapima kama unatofautisha rangi, anapima masikio, moyo, kifafa na mengineyo."

Bundala alishika ukingo wa kiti. "Binti yangu, nikuulize. Mtu ambaye haoni mbali, kama huyu Rhoda. Kabla hajaharibika chochote. Angeweza?"

"Kama anaona vizuri kwa miwani, na mengine yote ni mazima, ndiyo. Angeweza kuwa rubani wa abiria."

"Na jeshini?"

"Jeshi lina masharti yake, na ni makali zaidi. Huko macho yangemzuia, pengine. Lakini njia si moja tu, baba."

Bundala aliweka uso wake katika viganja. Leonidas aliinuka, akatoka nje. Alisimama karibu na tangi la maji, mgongo umeelekea barazani. Mabega yake yalitikisika. Rhoda alitaka kumfuata, lakini Benedikta alimshika mkono.

"Mwache kidogo," alisema.

Kisha akamweleza Stephania yote. Stephania alivua miwani yake, akaishika mapajani.

Leonidas aliporudi, jicho lake zima lilikuwa jekundu. Alikaa chini.

"Dada Stephania," alisema, "mimi sasa siwezi?"

Stephania hakutaka kumdanganya. "Kwa urubani wa kulipwa, sikuoni ukipita. Kila jicho lazima lifike kiwango. Ukitaka neno la mwisho, litatoka kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, si kwangu. Ila nisingependa uishi kwa matumaini ambayo mimi mwenyewe sina."

"Asante," alisema Leonidas. "Sasa mweleze Rhoda. Kila kitu, tangu mwanzo. Mimi nitaandika."

Akatoa daftari la Rhoda na kalamu.

"Kwanza masomo," alisema Stephania. "Fizikia, hisabati, Kiingereza. Angani tunazungumza Kiingereza na waongoza ndege, na tunapimwa. Usikubali kuacha hisabati, Rhoda. Pili, kabla ya kulipa ada popote, pima afya kwa daktari aliyeidhinishwa. Nimeona watu wameuza mali, wameanza chuo, ndipo wakaambiwa moyo una kasoro. Cheti cha daraja la kwanza ni cha rubani wa kulipwa. Daraja la pili ni cha rubani binafsi, yule anayeruka kwa shughuli zake bila malipo."

"Umri?" aliuliza Leonidas bila kuinua kichwa.

"Leseni ya rubani binafsi, miaka kumi na saba. Ya biashara, kumi na minane. Unaanza na leseni ya mwanafunzi. Unaruka na mwalimu, mpaka siku anaposhuka na kukuacha uruke peke yako. Rubani binafsi anahitaji saa kama arobaini angani, na mitihani ya hali ya hewa, sheria za anga, ramani, mitambo. Kwa leseni ya biashara saa ni nyingi zaidi, mia na hamsini hadi mia mbili, kufuatana na aina ya kozi. Chuo kiwe kimeidhinishwa. Uliza Mamlaka, usimwulize mtu wa njiani."

"Na wa jeshini?" aliuliza Rhoda.

"Jeshi hutangaza lenyewe, hadharani. Tangazo linasema umri, elimu, na kama lazima uwe umepitia JKT. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huo. Hakuna ada ya kuingia jeshini. Anayekuomba hela akupe nafasi ni mwizi. Ukichaguliwa, jeshi linakusomesha, na unalitumikia."

"Sisi tuna ng'ombe kumi na wanne," alisema Bundala.

"Hawatoshi, baba. Hata wakiwa hamsini hawatoshi. Urubani wa abiria ni ghali mno, na sitakuficha. Mimi nilianza na kazi ya kukagua mizigo, nikajisomesha kidogokidogo kwa miaka saba. Wengine hupata ufadhili unaotangazwa, lakini ni wachache, na hupewa wanaofaulu vizuri. Ndiyo maana nasema aanze na hisabati."

Leonidas aliandika kurasa nne. Walipokuwa wanaaga, Stephania alimwuliza, "Na wewe unapenda nini katika ndege? Kuruka tu?"

"Injini," alijibu. "Napenda kujua inavyofanya kazi."

"Ndege hairuki mpaka fundi atie sahihi kwamba ni nzima. Kuna vyuo vinafundisha ufundi wa ndege. Alama zako zinatosha. Omba."

Usiku ule mama Eufrasia alimwona Leonidas akiandika barua ya kuomba chuo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Bundala aliomba nafasi ya kusema. Watu walidhani ana tangazo la ng'ombe aliyepotea. Alimwita Leonidas asimame karibu naye, upande wa kushoto.

"Mnaliona jicho hili," alisema. "Nililiharibu mimi. Nilimshika mabega akitiwa dawa. Mama yake aliniambia twende hospitali nikakataa, kwa sababu nilisikia maneno na sikuuliza anayejua. Mtoto wako akiwa haoni, usimtie kitu jichoni. Wala majani, wala maziwa, wala mkojo wa mnyama. Kikiingia kitu, osha kwa maji safi mengi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo."

Maige alikuwa ameketi benchi la tatu. Alitazama chini mpaka watu walipotoka.

Wiki ile akina mama sita walipeleka watoto wao kwa Benedikta. Watoto wanne walipewa miwani. Mmoja alikuwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji. Mwingine macho yake yalikuwa mazima.

Rhoda alirudi dawati la mbele, kisha hakulihitaji tena. Alimaliza kidato cha nne, akachaguliwa kusoma fizikia, jiografia na hisabati, akamaliza kidato cha sita. Ufadhili ulipotangazwa aliomba, akakosa. Mwaka uliofuata aliomba tena, akaitwa. Sharti la kwanza lilikuwa cheti cha afya cha daraja la kwanza.

Leonidas alikuwa Dar es Salaam, mwaka wa mwisho wa masomo ya ufundi wa ndege. Alimpokea mdogo wake stendi, akampeleka kwa daktari wa anga. Upimaji ulichukua nusu siku. Leonidas alingoja kwenye benchi la korido.

Daktari alitoka, akamwona. "Na wewe umekuja kupimwa?"

"Hapana, daktari. Mimi nimemsindikiza mdogo wangu."

Daktari alitazama lile jicho jeupe, akataka kuuliza, akaacha. Akampa Rhoda karatasi yake. Amepita. Sharti: avae miwani.

Rhoda alipiga simu Nkololo palepale koridoni. Mama Eufrasia alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kisha Bundala akaichukua.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Hongera sana. Kaka yako yupo?"

"Yupo hapa."

"Mpe simu."

Leonidas aliweka simu sikioni.

"Leonidas," alisema baba yake. "Siku ile kanisani niliwaambia watu. Wewe sikukuambia. Nisamehe, mwanangu."

Wagonjwa walipita kwenye korido. Rhoda alikuwa amesimama, ameshika cheti chake kwa mikono miwili.

"Nimesikia, baba," alisema Leonidas. "Nikimaliza mitihani nitakuja nyumbani. Tutazungumza."

"Njoo," alisema Bundala. "Nitakungoja."